Shaka ya Mwalimu Ugenini: Lugha ni ya Mzawa au ya Mjuzi?

Mgeni ni kuku mweupe, walinena wahenga, na hapana mgeni ambaye weupe wake huonekana upesi kuliko mwalimu wa lugha. Mhandisi afanyaye kazi nchi za mbali huhukumiwa kwa daraja alilolijenga. Daktari huhukumiwa kwa mgonjwa aliyepona. Mwalimu wa lugha huhukumiwa pindi afumbuapo kinywa kulisalimu darasa. Kabla hajaandika neno ubaoni, matamshi yake yamekwisha kutangaza alikotoka, na wapo watakaoamua papo hapo iwapo anastahili kusikilizwa. Si ajabu basi kwamba walimu wengi wa Kiingereza watokao Afrika Mashariki kwenda kufundisha ng'ambo husafiri na vyeti vyao pamoja na swali zito moyoni: je, lugha hii ni yao kiasi cha kuifundisha?

Makala haya yanashikilia kwamba shaka hiyo ina sura mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni shaka ya elimu: mwalimu hana hakika na kanuni fulani ya sarufi, maana ya neno au mbinu ya kulieleza. Ya pili ni shaka ya asili: mwalimu anajua anachokifundisha, ila anahisi kwamba kwa kuwa hakuzaliwa na lugha hiyo, ujuzi wake ni wa kuazima na siku moja mwenyewe atakuja kuudai. Shaka ya kwanza ni rafiki wa mwalimu na yafaa itunzwe. Ya pili ni uzushi wenye historia inayojulikana, na yafaa ikataliwe. Aidha, makala yanashikilia kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa pekee katika jambo hili, kwa sababu uzushi huohuo umeota mizizi katika idara zao wenyewe.

Safari ya Ulimi Kutoka Malava

Ili hoja isielee hewani, na tuchukue mfano wa mwalimu aliyezaliwa na kulelewa Malava, Kaunti ya Kakamega. Malava ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye. Umezungukwa na mashamba ya miwa, na jirani yake pamesalia kipande cha msitu wa asili unaobeba jina la mji huo. Mtoto wa hapo hujifunza Lukabarasi, mojawapo ya lahaja za Kiluhya, miguuni pa nyanyake. Kiswahili hukipata sokoni, kwenye kituo cha matatu na katika michezo na watoto wa wafanyakazi waliotoka kwingineko. Kiingereza hukikuta shuleni, na huko ndiko anakoambiwa kwamba ndicho mlango wa maisha.

Afikapo mwisho wa shule ya upili, mtoto huyo ana lugha tatu, kila moja na uwanja wake. Mahali pengine duniani huo ungehesabiwa kuwa utajiri. Hata hivyo, kwa miaka mingi shule nyingi za Kenya zilimfundisha mwanafunzi kuuona utajiri huo kama deni. Aliyenaswa akizungumza lugha ya nyumbani alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakibeba mpaka apatikane mkosaji mwingine wa kumkabidhi. Kiboko kilifuata jioni. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo hakuhitaji kuvuka bahari ili aanze kujishuku. Alianza kujishuku akiwa darasa la nne.

Kisha kuna suala la sauti. Katika lahaja nyingi za Kiluhya, vipasuo ghuna b, d na g hutokea tu vinapotanguliwa na nazali, yaani katika mb, nd na ng. Msemaji aliyezoea mfumo huo, akikutana na maneno ya Kiswahili au ya Kiingereza ambamo sauti hizo husimama peke yake, huelekea kuzitamka kama p, t na k. "Gari" huwa "kari", "dawa" huwa "tawa", na katika Kiingereza neno la mfuko na neno la mgongo hukaribia kuwa neno moja. Mwanaisimu huuona hapa mfumo timamu ukikutana na mfumo mwingine timamu. Mchekeshaji wa redioni huona mzaha. Kwa bahati mbaya, watu wengi humsikiliza mchekeshaji kuliko mwanaisimu, na mwalimu mtarajiwa wa Malava huingia chuo kikuu akiwa amekwisha kujifunza kuuchunga ulimi wake kama mtu achungaye ng'ombe mkorofi karibu na shamba la jirani.

Ahitimupo na shahada ya ualimu hukuta foleni ndefu. Maelfu ya walimu waliosajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu hungoja ajira kwa miaka mingi, na familia iliyouza miwa msimu baada ya msimu ili kulipa karo haiwezi kungoja nao. Kwa mwalimu kama huyo, kwenda kufundisha Kiingereza ugenini ni karo ya wadogo zake na paa la mabati la mama yake. Ndiyo maana shaka inayomkuta huko si jambo la hisia tupu. Ikimshinda, hurejea nyumbani mikono mitupu.

Muhuri wa Makerere

Shaka ya asili haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1961, Uganda ikiwa ingali chini ya utawala wa Mwingereza, ulifanyika katika Chuo cha Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miongoni mwa imani zilizotokana na mkutano huo au zilizotiwa nguvu nao, mojawapo ilisema kwamba mwalimu bora kabisa wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Nyingine ilisema kwamba Kiingereza hufundishwa vyema zaidi kwa Kiingereza pekee, na nyingine kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Ni jambo la kutafakari kwamba imani hizi, ambazo zingewaandama walimu wa Afrika kwa vizazi, zilipata muhuri wake katika ardhi ya Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1992 mtaalamu Robert Phillipson, katika kitabu chake kuhusu ubeberu wa kiisimu, alizichambua imani hizo moja baada ya nyingine na kuziita uzushi. Kuhusu mwalimu mzawa, hoja ni wazi. Ufasaha, wingi wa msamiati na utambuzi wa kilicho sahihi ni mambo ambayo mafunzo mazuri yanaweza kumpa mwalimu yeyote. Zaidi ya hayo, aliyejifunza lugha kwa jasho ana kitu ambacho mzawa hana: ameipita njia ambayo wanafunzi wake wanaipita. Anajua wapi pana utelezi kwa sababu yeye mwenyewe aliteleza hapo. Mzawa wa Kiingereza anaweza kusema kwamba sentensi fulani si sahihi, na akishindwa kueleza kwa nini. Kuzaliwa na lugha humpa mtu umilisi, hakumpi ualimu.

Lakini imani ya Makerere ilikuwa na faida kwa wenyewe. Ilihakikisha kwamba wataalamu, vitabu na mitihani vingeendelea kutoka Uingereza hata baada ya bendera kushushwa. Mwalimu wa Malava ajishukuye leo anafaa ajue kwamba sauti anayoisikia kichwani mwake ina zaidi ya miaka 60, na kwamba ilimnufaisha mtu mwingine.

Pasipoti Si Ulimi

Asiyesadiki kwamba jambo hili ni la siasa kuliko lugha na azitazame sheria za ajira. Nchini Korea Kusini, viza ya walimu wa lugha za kigeni iitwayo E-2, kwa upande wa Kiingereza, kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Raia wa nchi hizo huhitaji shahada ya kwanza ya fani yoyote. Maana yake ni kwamba kijana wa Kanada aliyesomea biashara ya hoteli anaweza kuupita mlango ambao Mkenya mwenye shahada ya ualimu wa Kiingereza na tajriba ya miaka kumi ameufungiwa. Kinachopimwa hapo ni pasipoti.

Sasa na tuugeuze mfano. Kwa miaka mingi programu ya Fulbright ya wasaidizi wa ufundishaji wa lugha za kigeni imekuwa ikiwapeleka walimu vijana wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, kufundisha lugha zao katika vyuo vikuu vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Miongoni mwa waendao wamo walimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Malava akifika huko na kusimama mbele ya darasa la Kiswahili, hakuna amwulizaye iwapo alizaliwa na lugha hiyo. Kwa kuwa ametoka Kenya, huchukuliwa kuwa mzawa, ilhali lugha yake ya kwanza ni Lukabarasi na Kiswahili alikipata sokoni na shuleni, takriban kama alivyokipata Kiingereza.

Mtu ni yuleyule na ulimi ni uleule. Seoul huambiwa kwamba si mwenye lugha. Wisconsin huambiwa kwamba ndiye mwenye lugha. Hukumu zote mbili zimetolewa bila kumsikiliza. Mwalimu aliyeutambua mkanganyiko huu ana sababu njema ya kutoifanya hukumu ya namna hiyo kuwa kioo cha kujitazamia.

Somo la Rwanda

Ugenini si ng'ambo ya bahari pekee. Oktoba 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia. Walimu wengi wa nchi hiyo walikuwa wamesomeshwa kwa Kifaransa, na ghafla walitakiwa kufundisha hisabati na sayansi kwa lugha ambayo wengine hawakuwahi kuizungumza. Walimu kutoka Kenya na Uganda walivuka mpaka kuziba pengo hilo. Watu waliokuwa wameambiwa maisha yao yote kwamba Kiingereza chao ni cha daraja la pili walijikuta wakitazamwa kama kisima.

Mabadiliko hayo huleta shaka ya aina yake. Anayetegemewa na wote huogopa kuonekana amekosea, na mwenye kuogopa hivyo huficha asichokijua. Hata hivyo, hali ya Rwanda ilionyesha pia thamani ya aliyejifunza. Mwanafunzi wa Kinyarwanda ambaye r na l za Kiingereza humchanganya hahitaji mtu wa kumstaajabia. Anahitaji mtu anayejua jinsi sikio linavyofundishwa kutenganisha sauti ambazo lugha ya kwanza imeziunganisha. Mwalimu aliyewahi kupigana na b na p mpaka akazitenganisha anaijua kazi hiyo kwa vitendo. Kile alichochekewa Malava kinaweza kuwa mtaji wake Kigali.

Namna ya Kuikabili

Mosi, mwalimu na aitunze shaka ya elimu. Mwenye kuulizwa swali asilolijua na aseme kwamba atalichunguza, kisha kesho yake alete jibu. Kuuliza si ujinga, na mwanafunzi amwonaye mwalimu wake akifungua kamusi hujifunza tabia itakayomfaa kuliko jibu lenyewe. Aibu iko katika kubuni jibu, na wanafunzi huligundua hilo upesi. Daftari la makosa, ambamo mwalimu huandika kila jambo lililomkwaza pamoja na ufumbuzi wake, humwonyesha baada ya muhula mmoja kwamba anachokijua kimeongezeka. Shaka huogopa ushahidi wa namna hiyo.

Pili, mwalimu na asiige ulimi wa watu. Wapo wafikao ugenini wakaanza kuvuta maneno puani ili wafanane na watangazaji wa idhaa za kigeni. Mwigo huo huchosha, huvunjika mtu akikasirika au akichoka, na huwafundisha wanafunzi kwamba sauti ya kweli ni jambo la kufichwa. Ni kweli kwamba sauti zinazobadili maana sharti zitamkwe ipasavyo. Mwalimu asiyetofautisha b na p ana kazi ya kufanya, na kinasa sauti cha simu kitamsaidia. Lakini kutofautisha sauti ni jambo moja, na kujifanya mzaliwa wa London ni jambo jingine. Kiingereza cha Kenya kina wasemaji, waandishi na mahakama zake. Si rasimu ya Kiingereza kingine.

Tatu, mwalimu na asiikabili shaka peke yake. Aliye ugenini hukutana na makosa yake usiku, chumbani, ambapo hakuna wa kumwambia kwamba kila mwalimu hukosea. Kuwaalika wenzake waje kulitazama somo lake, na yeye kwenda kuyatazama yao, humwondolea dhana kwamba madarasa ya wengine huenda bila kwikwi. Aghalabu atamkuta mzawa wa lugha akitoka jasho mbele ya swali la sarufi.

Nyumbani Nako

Hata hapo hoja haijakamilika, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu ni watu wa Kiswahili, na inawapasa kujiuliza iwapo wao wenyewe hawakujenga Makerere ndogo. Mwanafunzi wa kutoka Malava asimamapo kongamanoni kuwasilisha makala yake, b ikamponyoka ikawa p, kicheko huzuka nyuma ya ukumbi. Hoja yake husahauliwa. Wanaocheka ni walewale ambao dakika kumi baadaye husimama kulaani ubeberu wa Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili kina wenyewe, na kwamba watu wa pwani wana haki ya kuona uchungu lugha yao inapofundishwa, kutahiniwa na kuandikiwa vitabu na watu wa bara huku wao wakiachwa kando. Uchungu huo una msingi. Mzawa ana ladha, methali na wepesi wa kunena ambao hakuna kitabu kiwezacho kuutoa wote, na idara isiyowaalika wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja kufundisha imejinyima. Lakini kumheshimu mzawa si kumfukuza mjuzi. Isitoshe, Kiswahili sanifu chenyewe ni lugha ya kufundishwa kwa kila mtu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930 ikaendeleza kazi hiyo. Tangu hapo hata mtoto wa Mombasa ambaye kwao husema "ndia" na "mato" alilazimika kujifunza shuleni kuandika "njia" na "macho". Mbele ya usanifu, wote ni wanafunzi.

Historia ya fasihi nayo inatoa ushahidi. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka wa 2020, alizaliwa Ukerewe, mbali na pwani, na kuanzia Rosa Mistika ya 1971 aliibadili riwaya ya Kiswahili. Miaka yake ya baadaye aliitumia akifundisha Botswana. Ken Walibora, aliyefariki mwaka huohuo, alizaliwa Bungoma, jirani na Malava. Riwaya yake Siku Njema ya 1996 ilisomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa Kenya, na baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison. Lau wawili hawa wangaliisadiki shaka ya asili, maktaba ya Kiswahili ingalikuwa na pengo lisilozibika.

Hitimisho

Suala hili lina haraka yake. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka wa 2017. Mwaka wa 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka wa 2022 serikali ya Uganda iliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Madarasa yanayohitaji walimu yanaongezeka, na walimu hao hawatatoka pwani pekee. Watatoka Malava, Kisii, Mbeya na Bukavu. Kwa hiyo yafaa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze sasa kuwaandaa: viandae masomo ya majaribio yanayohakikiwa na wenzao, vipindi vya fonetiki ambamo mtu hurekebishwa bila kuchekwa, na mawasiliano na walimu waliokwisha kwenda na kurudi, wa Kiingereza na wa Kiswahili vilevile, ili anayeondoka leo asiwe wa kwanza kuvuka mto usiojulikana.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ufasaha wa mwalimu wa Malava uliundwa kwa miaka 20 ya kusikiliza, kukosea, kurekebishwa na kurudia, katika lugha tatu. Akiulizwa ugenini lugha hiyo ameipata wapi, na aseme bila kusita kwamba alijifunza. Kisha afungue kitabu, aanze somo.